Tangi la Usalama na Pampu ya Mafuta kwa Gari la Porini: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Gari linalopita penye mawe, mito na miteremko mikali haliyahifadhi mafuta yake katika hali sawa na gari la mjini. Mafuta huyumba ndani ya tangi, mawe huligonga tangi kutoka chini, na hatari ya gari kupinduka ipo kila siku. Kwa sababu hiyo, wamiliki wengi wa Land Rover na Land Cruiser kuukuu, wakiwemo wanaoyatayarisha magari yao kwa mashindano ya Rhino Charge, ambayo tangu mwaka 1989 huwapeleka madereva porini kutafuta vituo 13 katika muda wa saa 10, huamua kuliondoa tangi la kiwandani na kuweka tangi la usalama pamoja na pampu ya umeme. Uamuzi huo hatuupingi. Tunalotaka kueleza ni kwamba bidhaa zinazouzwa kwa jina hilo hazilingani, na tofauti iliyo baina yake haionekani juu ya meza ya duka. Huonekana siku ya ajali.

Wauzaji wa spea huliita tangi hili fyueli seli. Jina hilo lisikuchanganye na kile chombo kinachozalisha umeme kutokana na haidrojeni. Hivyo ni vitu viwili visivyohusiana.

Tangi la usalama lililo kamili lina tabaka tatu. Nje kuna sanduku la chuma au alumini. Ndani ya sanduku kuna mfuko wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi, ambao hujikunja bila kupasuka sanduku linapobonyezwa. Ndani ya mfuko kuna sponji yenye vitundu vingi, inayoyatuliza mafuta yasiyumbe na kuuzuia mwako usisambae kwa ghafla katika mvuke. Mifuko ya namna hii ilitumika kwanza katika ndege za kijeshi. Wenye mashindano ya magari waliizingatia kwa dhati baada ya Mei 1964, wakati madereva Dave MacDonald na Eddie Sachs walipofariki katika ajali ya moto kwenye mbio za Indianapolis, Marekani.

Basi kinga kuu ni ule mfuko. Hata hivyo, utakuta masanduku mengi ya alumini au ya plastiki yaliyotiwa sponji tu, yasiyo na mfuko wowote, yakiuzwa kwa jina lilelile na wakati mwingine kwa bei inayokaribiana. Hatusemi kwamba masanduku hayo hayafai kwa kazi yoyote. Sanduku la plastiki nene lililofungwa vizuri linaweza kumfaa mkulima anayepita njia mbovu polepole. Lakini mtu aliyelipia kinga ya mfuko ana haki ya kupata mfuko. Mwombe muuzaji afungue bamba la juu, utazame ndani na uguse kwa mkono wako. Akikataa, nenda duka jingine.

Baada ya kuuona mfuko, tafuta maandishi yaliyochapishwa juu yake. Matangi yaliyoidhinishwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, huwa na jina la mtengenezaji, nambari ya pekee ya tangi, tarehe, na mojawapo ya viwango vitatu: FT3-1999, FT3.5-1999 au FT5-1999. Cha mwisho ndicho chenye masharti makali zaidi. Tarehe ina uzito kuliko wanunuzi wanavyodhani, kwa maana mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Kwa kanuni za shirikisho hilo, mfuko huhesabiwa kuwa halali kwa miaka 5 tangu ulipotengenezwa, na mtengenezaji akiukagua upya anaweza kuuongezea muda usiozidi miaka 2. Kwa hiyo tangi la mtumba lililoshushwa kutoka gari la mashindano la ng'ambo, hata liking'aa namna gani, huenda limekwisha muda wake kabla halijafika bandarini Mombasa. Sponji nayo huchakaa. Ikianza kumomonyoka, chembe zake huziba chujio na kuua pampu, kwa hiyo ichunguze kila mwaka.

Kuhusu ukubwa, kumbuka uzito. Lita 100 za petroli zina takribani kilo 74, na za dizeli takribani kilo 84. Tangi la lita 150 lililowekwa nyuma kabisa ya gari hubadilisha namna gari linavyopanda na kushuka milima. Nunua kiasi unachokihitaji kwa safari zako za kawaida. Kwa safari ndefu ya mara moja kwa mwaka, tafuta njia nyingine.

Tukija kwenye pampu, hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Mnunuzi huambiwa kwamba pampu kubwa ndiyo bora. Hesabu yenyewe inaonyesha vingine. Injini ya petroli yenye nguvu za farasi 200, ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, hutumia takribani lita 60 kwa saa. Ukiongeza robo kuwa akiba, unapata lita 75. Pampu ya lita 255 kwa saa, ambayo husifiwa sana madukani, itayazungusha mafuta ya ziada kutoka tangini hadi kwenye injini na kuyarudisha, yakibeba joto la injini kila mara. Mafuta yakipata moto hutoa mvuke, na mvuke ukiingia katika pampu, gari huzima katikati ya mlima. Jambo la pili ni kwamba kiasi kilichoandikwa kwenye boksi mara nyingi kimepimwa pasipo presha yoyote. Dai jedwali linaloonyesha pampu hutoa lita ngapi kwa presha ambayo injini yako inaihitaji.

Presha yenyewe hupimwa kwa paundi kwa inchi ya mraba, kipimo kilekile cha upepo wa magurudumu. Injini ya kabureta huhitaji paundi 3 hadi 7 tu. Ukiifungia pampu ya injini ya injekta, inayotoa paundi 40 hadi 60, kabureta itafurika na petroli itamwagika juu ya injini yenye moto. Kosa hili si la kubahatisha. Ni mwanzo wa kuungua kwa gari. Kwa dizeli, kazi ya pampu ya tangini ni kuyafikisha mafuta kwenye pampu kubwa ya injini, nawe fuata kipimo cha mtengenezaji wa gari.

Pampu ya umeme husukuma vizuri kuliko inavyovuta. Ifungwe karibu na tangi, chini ya usawa wa mafuta, au izamishwe ndani ya tangi lenyewe. Ikizamishwa, mpira unaoiunganisha uwe wenye alama SAE J30R10, kwa sababu mipira ya kawaida ya mafuta imetengenezwa kustahimili petroli upande wa ndani peke yake, na ikilowekwa huvimba na kupasuka. Chujio la matundu makubwa hukaa kabla ya pampu, na lile la matundu madogo baada yake.

Umeme wa pampu utoke kwenye betri kwa waya mnene, upitie fyuzi na rilei. Fundi anayeuunganisha na waya mwembamba wa redio kwa kuwa ndio uliokuwa karibu anakuuzia pampu dhaifu: pampu iliyopimwa kwa volti 13.5 haitatoa kiasi kilekile ikipata volti 11, na waya wenyewe utapata moto. Dai pia swichi inayoikata pampu gari linapogongwa. Bila swichi hiyo, gari lililopinduka huendelea kumwaga mafuta hadi betri iishe, huku abiria wamenaswa ndani.

Tangi lenyewe likae baina ya mihimili ya chasisi, mbali na bomba la moshi, likishikwa kwa mikanda ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye chasisi. Likilazimika kukaa nyuma ya viti, pawe na ukuta wa chuma usiopitisha mvuke kati yake na abiria. Njia ya hewa ya tangi iwe na vali inayojifunga gari likipinduka. Mdomo wa kujazia na sanduku viunganishwe kwa waya na chasisi, ili cheche isiruke wakati wa kujaza.

Usikubali kamwe fundi achomelee chuma karibu na tangi la zamani kwa hoja kwamba ni tupu. Tangi la petroli lililomwagwa hubaki na mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka kwa urahisi kuliko mafuta yenyewe. Liondolewe kwanza na kupelekwa mbali.

Kabla ya kulichukua gari, lijazwe mafuta mbele yako na uangalie kila kiungo kwa tochi baada ya saa moja. Kisha fungua ufunguo bila kuwasha injini: kwa gari la injekta, pampu inapaswa kulia sekunde chache na kunyamaza. Mwombe fundi aigonge swichi ya ajali injini ikiwa inanguruma, na injini izime. Hakikisha risiti inataja kiwango cha tangi, nambari yake, aina ya pampu na kazi iliyofanywa, kisha uijulishe kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo kwa maandishi.

Ikitokea harufu au uvujaji katika siku za mwanzo, acha kuliendesha gari, piga picha, na umwandikie muuzaji ukieleza kasoro na siku uliyoigundua. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inakupa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ya kulipwa fidia kwa hasara au majeraha yatokanayo na kasoro zake. Tunza nakala ya barua hiyo pamoja na risiti. Usiruhusu kifaa kilichoharibika kitupwe: ndicho ushahidi wako.