Mwanzo: Ngoma Tamu, Story Chungu

Kama unajua tu bendi ya Sauti Sol ya hiti ya Sura Yako na densi ya lipala, bado hujawajua, buda. Rudi 2008, uskize Mwanzo, albamu yao ya kwanza chini ya Penya Records. Hakuna biti za klabu hapo. Ni gita ya Polycarp, mmoja wao, na sauti zimepangwa hadi unashangaa.

Hizo sauti hazikuokotwa. Wenzake, Bien, Chimano na Savara, walijuania Upper Hill School, wakiimba gospel bila vyombo kwa kikundi cha Voices in the Light. Polycarp walimpatia Alliance Française pale tao.

Sasa cheki huo mwaka wa 2008. Kenya ilikuwa imetoka kuchomeka. Fujo za baada ya kura ya Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,000, na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Kwa mathree, muziki wa genge ndio ulikuwa umeshika, Jua Cali na Nonini wakiwasha mtaa. Ukitaka hasira, ulikuwa unaenda kwa marapa wa Ukoo Flani, Dandora. Alafu hawa maboi wakaleta soul ya mos mos, ile ya kukatia dem. Ngoma yao Lazizi ni hiyo kabisa.

Lakini ndani ya huo utamu kuna Blue Uniform, ngoma ya vile makarao husumbua mayut. Msee wa Nairobi haelezewi hii. Unatoka job usiku, huna makosa, unaitishwa kipande, unasachiwa mifuko, alafu unaambiwa uchague: panda mariamu ama toa kitu kidogo.

Hawakuwa wa kwanza kuchokoza serikali na melodi. Eric Wainaina alikuwa ashatoa Nchi ya Kitu Kidogo 2001. Ile ilikuwa inaongelesha nchi mzima. Blue Uniform inakaa pale chini, na msee mwenye amesimamishwa.

Na ujanja wao, kwa maoni yangu, ni hiyo sauti ya upole. Ukifoka, buda atazima redio. Ukiimba poa, mathe ataimba na wewe akipika chapo, na kabla ashtuke, story ya karao ishamwingia. Kuna pahali albamu inapoa sana, hadi unatamani mtu agonge drum kwa nguvu, lakini hiyo ndio bei ya hiyo staili.

Doo na majina zilikuja baadaye. 2014 walibeba tuzo ya msanii bora Afrika kwa MTV EMA. Bado hawakusahau kuuma: 2018 walitoa Tujiangalie na Nyashinski, wakiuliza hii nchi inaelekea wapi.

Kwa hivyo leo usianze na zile hiti. Piga Blue Uniform kwanza, Lazizi ifuate. Utaskia vile msee mmoja anaweza kukatia dem na kusuta serikali bila kubadilisha sauti.