Kutembea Pwani ya Devon: Ukodi Gari-Nyumba au Ubebe Hema?

Njia yenyewe ni bure. South West Coast Path inazunguka pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza kwa kilomita 1,014, kutoka Minehead hadi Poole, na hakuna geti wala tiketi. Pesa huliwa kwingine: usafiri, malazi na mahali pa kuacha gari. Kama unaishi London, Reading au Leicester na unataka kuipeleka familia baharini shule zikifungwa, piga hesabu leo, maana nafasi za Agosti huisha mapema.

Kwa siku ya kutembea polepole, chagua kipande cha Exmouth hadi Budleigh Salterton, huko Devon. Ni kama kilomita 8. Unaanza ufukweni, unapanda Orcombe Point, ambapo pwani iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 inaanzia, kisha unafuata ukingo wa miamba myekundu hadi ufukwe wa mawe ya duara. Mlima wa maana ni mmoja tu, West Down Beacon, mita 129. Watoto wanaumudu. Viatu vya bei ghali havihitajiki, ila viwe na soli yenye meno, kwa sababu udongo ule mwekundu ukilowa unateleza vibaya.

Sasa gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani. Bei ya tangazo isikudanganye. Wiki moja ya Agosti inaweza kupita pauni 1,000, na hapo bado hujalipia dereva wa pili, matandiko, mtungi wa gesi wala usafi. Waambie kampuni ya kukodisha wakupe jumla kwa maandishi, kila kitu ndani. Wakisitasita, nenda kwingine.

Amana ndiyo inayowakwamisha wengi. Kampuni hushikilia pauni 1,000 au zaidi kwenye kadi yako hadi urudishe gari, na ukiligonga, sehemu ya kwanza ya hasara ni yako hata kama bima ipo. Barabara za vijijini Devon ni nyembamba, zina kuta za mawe na matawi pande zote. Kabla hujawasha injini, piga picha kila kona, hasa kingo za juu za paa na kioo cha mbele, huku mwenye gari akiwa amesimama hapo. Picha zako zionyeshe na maili zinazosomeka kwenye dashibodi.

Leseni nayo ina masharti yake. Aliyepata leseni ya gari dogo Uingereza tangu Januari 1997 anaruhusiwa gari lisilozidi kilo 3,500 likiwa na mzigo, kwa hiyo usikodi dubwana usiloruhusiwa kuliendesha. Leseni ya Kenya au Tanzania inakubalika kwa miezi 12 tu tangu uanze kuishi nchini, na kampuni nyingi haziitaki kabisa. Uliza kabla ya kulipa chochote.

Kama gari ni la dizeli la zamani na unalichukua London, kuna tozo ya hewa chafu ya pauni 12.50 kwa siku, ambayo tangu Agosti 2023 inagusa mitaa yote ya jiji. Siku ya kuchukua na siku ya kurudisha ni tozo mbili. Mafuta: London hadi Exmouth na kurudi ni karibu kilomita 580, na gari la aina hii hula lita 10 hadi 12 kwa kila kilomita 100. Weka lita 60 hadi 70.

Pa kulala, usitegemee kuegesha tu kando ya bahari. Maegesho mengi ya pwani yana bango la kukataza kulala, mengine yana kizuizi cha chuma cha juu ambacho gari lenye kimo cha mita 3 halipiti, na faini ya maegesho ya kampuni binafsi inaweza kufika pauni 100. Kambi yenye umeme wa kuchomeka hugharimu kama pauni 25 hadi 45 kwa usiku msimu wa joto. Viwanja vidogo vya mashambani, vinavyopokea magari 5 tu, ni nafuu na vimetulia, lakini vingi ni vya wanachama wa klabu. Ukilala usiku mmoja au miwili tu, ada ya uanachama itameza ulichookoa.

Gari liache kambini, uchague kambi iliyo karibu na njia ya basi. Kwa mabasi mengi Uingereza nauli ya safari moja haizidi pauni 3 kwa mtu, kwa hiyo familia ya wanne haitapita 12, na husumbuki na mashine ya maegesho inayohesabu saa. Panda basi asubuhi hadi Budleigh, kisha mtembee kurudi Exmouth. Mkichelewa, hamkimbizani na basi la mwisho.

Kwa watu wawili, au kwa usiku mmoja au miwili, gari-nyumba halilipi. Hema na gari lenu wenyewe vinatosha: nafasi ya hema bila umeme ni rahisi zaidi, na hema zuri utalitumia miaka. Nunua lenye nguzo imara na sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta. Yale ya bei ya kutupa hayavumilii upepo wa pwani. Wasio na gari wana treni hadi Exeter, kisha ile ndogo inayofika Exmouth kwenyewe. Kata tiketi wiki kadhaa mapema.

Familia ya wanne inayokaa usiku 4 au zaidi, hapo kodi, lakini vani ndogo, na ikiwezekana Juni mwanzoni au Septemba kwa wenye watoto ambao hawajaanza shule, bei zikiwa zimeshuka. Siku ya kurudisha, jaza mafuta karibu na kampuni, mwaga maji machafu na usafishe kasha la choo kambini kabla ya kuondoka. Kila kimoja kati ya hivyo kina bei yake kwenye mkataba, na huwa imeandikwa ukurasa wa mwisho.