Sababu ya Karani Kuuliza Nyumba Chache

Mkulima wa Mkwaja, bila shaka umemwona mnunuzi wa nafaka akichoma gunia kwa bambo. Hamwagi gunia lote chini. Huchoma juu, ubavuni na karibu ya kitako, akatazama punje chache, akajua mali yote ilivyo. Lakini akichoma mdomoni tu hudanganyika, maana punje safi zaweza kuwekwa juu na zenye fukusi kufichwa chini.

Ndivyo ilivyo kazi ya kuuliza habari za kaya, yaani watu wanaokula chungu kimoja. Sensa huhesabu watu wote. Ile ya mwaka 2022 ilipata watu 61,741,120 katika Tanzania. Lakini kuuliza kila kaya imelima nini, imevuna kiasi gani na imekula nini juma zima, ni kazi isiyowezekana. Kwa hiyo huchaguliwa chache, na huchaguliwa kwa kura.

Kura hupigwa mara mbili. Kwanza huchaguliwa maeneo katika orodha ya sensa. Pili, kaya zote za eneo huandikwa, na katika hizo huchaguliwa chache. Tuseme eneo lina kaya 240 na zatakiwa 8. Gawa 240 kwa 8, utapata 30. Piga kura kati ya 1 na 30. Ikitoka 11, basi huulizwa kaya ya 11, ya 41, ya 71, na kuendelea hivyo mpaka ya 221. Kama karani angalifuata pwani tu, angaliandika kwamba watu wote ni wavuvi.

Labda utauliza, mbona 8 tu? Ni kwa sababu majirani hufanana: mvua ikikosa kwako, imekosa na kwa jirani. Ni afadhali kuuliza wachache katika maeneo mengi. Uchunguzi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu wa mwaka 2008/09 uliuliza kaya 3,265 katika maeneo 409, yaani kama 8 kila eneo. Kaya 8 hazitoshi kueleza hali ya kijiji kimoja. Zikikusanywa pamoja na za maeneo mengine ndipo zaeleza hali ya nchi.

Basi shika mambo haya matatu.

1. Kura ikikuangukia, usimpeleke karani kwa jirani. Na akikukosa kwa kuwa u shambani, yampasa arudi. Akiuliza tu waliobaki nyumbani, wakulima watapungua katika hesabu.

2. Mwenyekiti asimwongoze karani kwenye nyumba za bati ili kijiji kisifiwe, wala kwenye vibanda vibovu ili kihurumiwe.

3. Sema kweli. Katika uchunguzi ule, kaya moja ilisimama kwa kadiri badala ya kaya 2,000 na zaidi. Ukificha gunia moja la mahindi, ni kana kwamba umeficha magunia elfu mbili. Na ukizidisha moja, umezidisha vivyo hivyo, hata njaa iliyopo isionekane.

Usiogope kodi. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 yakataza kufichua habari za mtu mmoja mmoja. Punje yako ni moja, lakini gunia lote hupimwa kwayo.