Lamu: Mgeni ni Nani, Mwenyeji ni Nani?



Safari hii tunavuka mpaka kwenda kwa jirani zetu wa Kenya, mpaka kisiwa cha Lamu katika Bahari ya Hindi. Wengi wetu tunaokata miwa na kuchuma chai huku Uganda hatujafika huko. Lakini mambo ya Lamu yanatuhusu, kwa sababu wafanyakazi wenzetu wanagombanishwa kwa neno moja tu: "mgeni".

Mji wa Lamu una umri wa zaidi ya miaka 700, na muda wote huo watu wamekuwa wakiishi ndani yake. Nyumba zake za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vichochoro ni vyembamba, na mizigo hubebwa na punda. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watalii huja kuutazama, na watu wengi hupata riziki kwao.

Lakini sifa ina gharama yake. Watu wenye fedha, wengi wao kutoka Ulaya, wamenunua nyumba, hasa katika kijiji cha Shela. Tuseme kweli: baadhi ya nyumba hizo zilikuwa zinaanguka. Walionunua wamezitengeneza, na waashi na wachonga milango wa Lamu wamepata kazi. Hata hivyo bei imepanda mno, na mtoto wa mvuvi hawezi tena kununua nyumba mahali alipozaliwa babu yake. Aliyeuza akimaliza fedha, hana njia ya kurudi. Na ziko nyumba ambazo mwenyewe huja wiki chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote anayelala hapo ni mlinzi.

Wako pia wageni wa aina nyingine. Hawa hawakuja na fedha, walikuja kutafuta kazi: wapishi, wahudumu, walinzi, vibarua. Ng'ambo ya mkondo wa bahari, katika kisiwa cha Manda, kuna machimbo ya Maweni. Wakata mawe wa huko wengi wametoka magharibi ya Kenya, karibu na mpaka wetu. Jiwe hukatwa na mtu wa bara, huvushwa kwa mashua na mabaharia wa pwani, kisha hujengwa na fundi wa Lamu. Mtalii anapopiga picha ya ukuta, jasho lao wote limo ndani yake.

Ajabu ni kwamba maneno makali humwangukia huyu wa pili, asiye na kitu. Kijana wa Lamu asiye na kazi humwona mhudumu kutoka bara na kusema, "Huyu amekula riziki yangu." Hasira yake ina sababu. Mwajiri asiyetaka gharama ya kumfundisha kijana wa mahali hapo huchukua aliyekwisha kufundishwa kwingine. Naye wa bara huitwa mgeni hata baada ya miaka 20. Mwenyeji akidai ujira bora, anaambiwa, "Ukikataa, wa bara yupo." Wa bara akidai, anaambiwa, "Rudi kwenu." Anayefaidi ni nani?

Sisi tunaijua hila hiyo. Mashamba yetu yalilimwa na watu wa West Nile, Kigezi, Rwanda na Burundi. Kila mmoja alitukanwa kwa kabila lake, na ujira ukabaki mdogo kwa wote.

Lamu yenyewe ina fundisho. Habib Swaleh alizaliwa Komoro, akahamia Lamu katika karne ya 19. Aliishi upande wa Langoni na kuwafundisha dini watumwa na wanyonge, na baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa. Msikiti wa Riyadha alioujenga karibu na mwaka 1900 leo ni fahari ya Lamu, na Maulidi yake huvuta watu kutoka Afrika Mashariki yote. Mgeni wa jana ndiye urithi wa leo.

Tena shida haibagui. Septemba na Oktoba 2011, baada ya watu wenye silaha kuwateka nyara Wazungu huko Kiwayu na Manda, watalii walikimbia. Mhudumu wa bara na nahodha wa Lamu walikosa kazi pamoja.

Dawa ni nini? Kwanza, wote waingie chama kimoja. Wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani Kenya wana chama chao, KUDHEIHA. Pili, waijue sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi si kibarua wa kutwa tena. Ana haki za mkataba. Sheria hiyo haiulizi alizaliwa wapi. Tatu, waajiri wadaiwe kuwafundisha kazi vijana wa mahali hapo, ili malalamiko yao yajibiwe kwa haki na si kwa kufukuza wengine.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkata mawe wa Maweni alishika jembe tangu siku ya kwanza. Huyo si mgeni tena, ni mwenzetu. Anayepaswa kuulizwa jembe lake liko wapi ni mwenye nyumba iliyofungwa.

Umoja ni nguvu.