Fundi mmoja, kazi nne: Funzo la Bulabo kwa familia za Nyarugusu

Nyarugusu. Katika mji huu wa dhahabu wilayani Geita, si rahisi kumkuta mtu mwenye kazi moja tu. Anayekereza matendegu ya vitanda mchana, jioni yuko kwenye kikundi cha ngoma. Mama anayesuka vikapu ana cherehani barazani na shamba la mpunga bondeni. Na karibu kila nyumba ina mtu wake kwenye maduara ya dhahabu.

Hali hii huleta maneno nyumbani. Kitanda cha mteja kimekwama nusu, ngoma inangoja ngozi, ada ya mtoto haijalipwa, na baba amekaa anachonga kinyago ambacho hakuna aliyekiagiza. Mama akichoka humkumbusha kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Baba hujibu kwamba Mungu hakumpa mikono miwili bure.

Nani ana haki? Ukiangalia namna Wasukuma walivyozoea kupanga kazi na sanaa zao, utaona kwamba wingi wa kazi haukuwa tatizo. Kila kazi ilikuwa na wakati wake, na nyumba nzima iliujua wakati huo.

Uwanja wa Bujora

Mahali pazuri pa kujifunza jambo hili ni Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Jiji la Mwanza. Zamani safari ya kutoka Nyarugusu ilikuwa na foleni ya kivuko pale Busisi. Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, limeiondoa foleni hiyo.

Bujora ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Canada. Humo kuna ngoma za watemi, viti vya enzi, nyumba ya mfua chuma na banda la vyama vya ngoma. Banda la ngoma za kitemi lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi.

Kila mwaka, mwezi Juni, hufanyika hapo sherehe ya Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua. Sherehe hiyo huambatana na sikukuu ya Ekaristi, na ndipo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa tangu karne ya 19, hupambana. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi.

Kwa mtu wa mbao, kumbukumbu anayorudi nayo si ya kucheza tu. Ili kuvuta watu, vikundi vilihitaji mikono mingi. Palihitajika mchongaji wa sanamu za miti, nyingine zenye viungo vinavyochezeshwa. Palihitajika mwambaji wa ngoma, mshonaji wa mavazi, mtunzi wa nyimbo na mjuzi wa dawa. Mara nyingi mtu mmoja alibeba mawili au matatu kati ya hayo, na hakuna aliyemwona kuwa ametawanyika, kwa sababu kazi zote zilikwenda kwenye uwanja mmoja.

Jambo la pili ni majira. Juni ni mwezi wa baada ya mavuno. Mvua zinaponyesha, mkono ulishika jembe, na chakula kikishaingia ghalani ndipo ngoma zilipotoka. Hata pale sanaa ilipoingia shambani, haikuja kuiba muda. Wachezaji wa bugobogobo hucheza na majembe mkononi, ngoma iliyotokana na kulima kwa pamoja, mdundo ukiwatia nguvu wakulima. Hapo sanaa na chakula vilikuwa kazi moja.

Kerezo halina subira na mwenye mawazo

Majira ya namna hii yamo pia ndani ya karakana. Kukereza ni kuufunga mti kwenye mashine, ukazunguka, nawe ukauchonga kwa patasi iliyoegemezwa kwenye chuma. Patasi ikilala vibaya kidogo inaukamata mti, na tendegu la saa nzima linapasuka mara moja. Kwa hiyo aliye kwenye kerezo hapokei simu wala habari za mgodini, na mtoto hatumwi kwenda kumvuta shati.

Lakini mbao hiyohiyo ina muda wake wa kungoja. Mti mbichi ukikerezwa leo na kumalizwa leo, kesho hupinda au kupasuka. Fundi mzoefu huutoa umbo la awali, akauacha mnene, akauweka kivulini ukauke polepole, ndipo aumalize. Ngozi ya ngoma nayo huwambwa ikiwa mbichi, kisha huachwa ikaze. Rangi na vanishi navyo hungoja.

Hapo ndipo mwenye kazi nyingi anapopata nafasi yake. Muda wa kazi moja kukauka ni muda wa kazi nyingine kusonga. Anayeanza kazi nne zote zikiwa kwenye hatua ya kutaka macho na mikono ndiye anayeziharibu zote.

Mfano wa Tingatinga

Taifa hili lina mfano wake. Edward Said Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alifanya kazi za vibarua na za nyumbani kabla hajaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya mbao za karatasi ngumu. Alipopata ajira katika Hospitali ya Muhimbili hakuiacha brashi, na picha zake ziliendelea kuuzwa Oysterbay.

Alifariki dunia mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora. Lakini alikuwa amewakalisha ndugu zake karibu naye wakijifunza, nao ndio walioiendeleza kazi hiyo hadi jina lake likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Ajira ililisha nyumba, na ukoo ukairithi sanaa.

Dhahabu ikilipuka

Nyarugusu ina jaribu ambalo Bujora haina. Ikija taarifa kwamba dhahabu imelipuka mahali, karakana hufungwa hata kama mteja ameshatoa malipo ya awali. Fundi akirudi bila kitu, mteja amekwenda kwingine na mbao zimeliwa na mchwa. Akirudi na kitu, mara nyingi kazi ya mikono inaonekana ya kimaskini, na mtoto aliyekuwa ameanza kushika patasi hana tena wa kumwelekeza.

Ajabu ni kwamba dhahabu hiyo inamhitaji seremala. Maduara hushikiliwa na matimba ya miti, na mchimbaji akipata, kitanda na makochi ni miongoni mwa vitu anavyonunua mwanzo. Anayebaki na karakana iliyo wazi huipata dhahabu hiyo bila kuingia shimoni.

Kikao cha nyumbani

Ugomvi mwingi hupungua pale familia inapokaa na kukubaliana mambo manne. Kwanza, ipi ni kazi ya chakula msimu huu. Hiyo isiguswe hadi ada na akiba vitoke. Pili, kazi ya mteja aliyelipa itangulie kazi ya moyo. Tatu, kazi ya moyo nayo ipewe siku yake inayojulikana, hata ikiwa Jumapili jioni tu, ili isifanywe kwa kujificha. Nne, kila kazi iwe na mtoto au ndugu anayeiangalia na kujifunza.

Na mkutano wa mafundi au sherehe kama Bulabo usihesabiwe kuwa matembezi ya baba peke yake. Aende na mtoto mmoja. Picha za simu hupotea, lakini mtoto aliyeona kwa macho yake jinsi ngoma inavyowambwa, au jinsi sanamu ya mti inavyoinua mkono mbele ya umati, atarudi akiuliza maswali. Siku baba akichoka, kutakuwa na mtu wa kuishika patasi.