Irabu /a/ na Kidole Kidogo: Mpangilio wa Kibodi kwa Mwandishi wa Kiswahili

Makala haya yanachunguza chanzo kimoja cha maumivu ya mkono ambacho wanaisimu wana la kusema juu yake, nacho ni mpangilio wa herufi za kibodi. Maumivu hayo yalimpata mwandishi mjini Morogoro, alipokuwa akinakili kwa kompyuta masimulizi aliyoyakusanya katika milima ya Uluguru.

Hebu tuichukue sentensi hii: *Waluguru wanalima mahindi na maharagwe katika milima yao*. Kati ya herufi zake 49, 13 ni *a*. Katika kibodi ya kawaida, ambayo asili yake ni taipureta ya Sholes ya miaka ya 1870, herufi hiyo huangukia kidole kidogo cha mkono wa kushoto. August Dvorak, aliyepewa hataza mwaka 1936, aliweka irabu zote kushoto na konsonanti nyingi kulia; kwa hiyo silabi zetu za konsonanti na irabu hupokezana mikono vizuri ajabu. Lakini Dvorak alikitazama Kiingereza, na *a* ikabaki palepale.

Tunapendekeza *a* na *u* zibadilishane nafasi katika mpangilio huo, ili *a* ipigwe kwa kidole cha shahada. Programu za kompyuta huruhusu jambo hili bila kununua kibodi mpya. (Neno *Uluguru*, kwa bahati mbaya, litakielemea kidole kidogo mara nne.) Kifundo cha mkono kinyooke, na kiwiko kilingane na meza. Mkono uliozoea utahitaji majuma kadhaa kujifunza upya, na kompyuta ya pamoja sharti irejeshwe ilivyokuwa.