Kumfungia ndani mtoto anayetumia unga si tiba

Wazazi wengi wakigundua kijana wao anatumia heroini, jambo la kwanza wanalofanya ni kufunga mlango. Simu inachukuliwa, kaka mkubwa anapewa zamu ya kulinda, na wengine humsafirisha kijana kwa bibi yake kijijini, mbali na vijiwe vya mjini. Siku za mwanzo ni za mateso: miayo, kamasi na machozi, kutapika, kuharisha, maumivu ya viungo na kukesha usiku kucha. Watumiaji wenyewe huita hali hiyo arosto. Baada ya wiki moja au siku kumi kijana anaanza kula, anaoga, anacheka na wadogo zake. Familia inamshukuru Mungu kwamba mtoto amepona.

Hapo ndipo hatari kubwa inapoanza.

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ni ya jamii moja na afyuni na mofini. Kadiri mtu anavyoitumia ndivyo mwili unavyoizoea, mpaka anahimili kiasi ambacho kingemuua mtu asiyewahi kuigusa. Akikaa wiki mbili bila kutumia, uwezo huo wa kuhimili hushuka haraka, lakini hamu haishuki kwa kasi hiyo. Kijana akitoka na kurudia kiasi kile kile alichozoea zamani, anaweza kuacha kupumua. Ndiyo maana watafiti katika nchi mbalimbali wamekuta vifo vingi vya kuzidisha dozi vikitokea wiki chache tu baada ya mtumiaji kutoka gerezani au mahali alikokuwa amezuiwa kutumia.

Hamu hiyo inatoka wapi?

Mzazi mwenye mtoto anayetumia unga husikia maneno mengi, na linalouma zaidi ni lile la "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Malezi yana nafasi yake, lakini hayatoshi kueleza kwa nini kijana aliyelia na kuapa mbele ya mama yake ataacha, anarudia baada ya mwezi.

Mwaka 1973 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walionyesha kwamba seli za ubongo zina vipokezi ambavyo dawa za jamii ya afyuni hujishikiza. Ubongo una vipokezi hivyo kwa sababu mwili wenyewe hutengeneza kemikali zake za kupunguza maumivu na kuleta utulivu. Heroini inapoingia kwa wingi kila siku, ubongo hujipanga upya kuizoea. Ikikosekana, mtu hasikii raha ya kawaida ya chakula, mazungumzo au usingizi. Marekebisho hayo huchukua miezi, kwa wengine miaka. Wiki mbili za kufungiwa ndani humaliza arosto, lakini hazifiki huko.

Mazingira nayo yana nguvu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka vita ya Vietnam. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu huko. Waliporudi kwao, kwenye familia, kazi na mitaa isiyokuwa na heroini ya kuokotwa kila kona, ni takriban watano tu kati ya kila 100 wa waraibu hao walionasa tena katika mwaka wa kwanza. Kwa kijana wa hapa mambo ni kinyume. Mlango wa chumba ukifunguliwa, anarudi kwenye mtaa ule ule, marafiki wale wale, na muuzaji anayemfahamu kwa jina.

Dawa inayotuliza bila kulevya

Mwaka 1964, jijini New York, Dk Vincent Dole, Dk Marie Nyswander na mwenzao Dk Mary Jeanne Kreek walikuwa wakitafuta dawa ambayo mraibu angeweza kuitumia na bado akaishi maisha ya kawaida. Walipowapa wagonjwa mofini, walilazimika kuongeza dozi kila mara, na wagonjwa walishinda wakisinzia na kuangalia saa wakisubiri dozi nyingine. Walipowahamishia kwenye methadoni, mambo yalibadilika. Mgonjwa mmoja alianza kuchora picha, mwingine akaomba amalizie masomo ya sekondari. Mwaka 1965 walichapisha matokeo ya wagonjwa 22.

Siri ni mwendo wa dawa yenyewe. Heroini hupanda ghafla na kushuka ndani ya saa chache, ndiyo maana mtumiaji hutafuta kete asubuhi, mchana na usiku. Methadoni hunywewa kama dawa ya maji, hupanda polepole na kukaa mwilini zaidi ya saa 24. Inajishikiza kwenye vipokezi vile vile, inazuia arosto na kupunguza hamu. Kwa dozi sahihi mtu halewi, na anaweza kwenda kazini.

Tangu hapo tafiti nyingi zimefanyika. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliojumlisha zaidi ya watu 120,000 waliotibiwa kwa methadoni. Walipokuwa kwenye tiba, walikufa takriban 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Walipoiacha, idadi ilipanda hadi 36. Wiki nne za kwanza baada ya kuacha tiba zilikuwa za hatari zaidi. Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005.

Inapatikana wapi?

Tanzania ilifungua kliniki yake ya kwanza ya methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar na mikoa mingine, zikiwemo Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kenya nayo ina kliniki Nairobi na Pwani. Katika kliniki za umma Tanzania dawa hutolewa bila malipo. Mgonjwa anafika kila siku na kunywa dozi mbele ya mhudumu, na hapo hapo hupata ushauri nasaha na vipimo vya VVU, kifua kikuu na homa ya ini. Asasi za kijamii zinazofika vijiweni husaidia kumwandaa na kumfikisha kliniki.

Mzazi ajue pia mipaka ya dawa hii. Methadoni hutibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake tu. Haitibu uraibu wa bangi, kokeini, mirungi au pombe.

Kazi ya familia

Swali linalosikika sana nyumbani ni "utaacha lini hiyo dawa?" Nia ni njema, lakini presha hiyo huwafanya vijana wengi kuomba dozi ipunguzwe kabla ya wakati, au kuacha kimyakimya. Utafiti uliofanywa miongoni mwa waliotibiwa Muhimbili ulionyesha kwamba waliopata dozi ya kutosha walidumu zaidi kwenye tiba kuliko waliopewa dozi ndogo. Kiasi na muda wa dawa ni mambo ya kupanga na daktari.

Msaada wenye faida ni wa vitu vidogo vya kila siku. Nauli ya daladala ni mojawapo: kliniki ikiwa mbali, kijana akikosa nauli siku mbili tatu, arosto inarudi na kijiwe kiko karibu zaidi kuliko hospitali. Kingine ni kumtafutia shughuli ya kufanya baada ya saa nne asubuhi, akishakunywa dawa, kwa sababu siku ndefu isiyo na kazi humrudisha alikotoka.

Akianzishiwa dawa za kifua kikuu au VVU, wahudumu wa methadoni waambiwe mapema. Rifampisini, kwa mfano, hupunguza nguvu ya methadoni, na dozi huhitaji kurekebishwa. Asichanganye methadoni na pombe wala dawa za usingizi, maana kwa pamoja huweza kusimamisha pumzi. Na dozi yoyote itakayofika nyumbani ifungiwe, kwani kiasi kidogo tu kinaweza kumuua mtoto mdogo.

Akiteleza akatumia tena, arudishwe kliniki siku hiyo hiyo na asifukuzwe nyumbani. Na kila mtu ndani ya nyumba ajue dalili za kuzidisha dozi: haamki hata akitikiswa, anapumua polepole au kwa kukoroma, midomo imebadilika kuwa ya bluu au kijivu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini. Mtu huyo alazwe ubavu, asiachwe peke yake, asimwagiwe maji wala kunyweshwa maziwa. Awahishwe hospitali, na daktari aambiwe bila kuficha kwamba ametumia unga. Ipo sindano ya naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi ndani ya dakika chache, lakini muuguzi hawezi kuifikiria haraka kama familia, kwa aibu, imesema ni malaria.